Sanduku la Marehemu kama Hifadhi ya Matini: Kanga za Kale katika Mirathi ya Mbeya na Iringa

Ikisiri

Makala haya yanafafanua namna kanga za kale zinavyopatikana, zinavyosomwa na zinavyokadiriwa umri wakati nguo za marehemu zinapogawanywa katika mikoa ya Mbeya na Iringa. Hoja kuu ni kwamba kanga iliyo sandukuni ni matini iliyo pamoja na muktadha wake, ilhali kanga iliyofika sokoni imebaki na maneno peke yake. Kwa kuwa ugawaji wa nguo hukamilika kwa siku moja au mbili, fursa ya kupata vyote viwili kwa pamoja ni fupi mno. Makala yanaanza kwa kuchambua istilahi zinazotumika kuzungumzia nguo za zamani, kisha yanaeleza njia zilizoifikisha kanga katika Nyanda za Juu Kusini, utaratibu wa kugawa nguo za marehemu, na vigezo vya kukadiria umri wa kanga. Mwisho yanapendekeza namna ya kuweka kumbukumbu isiyomlazimu mtafiti kuichukua nguo yenyewe.

1.0 Utangulizi

Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa miongoni mwa wafiwa katika kijiji kimoja cha Iringa, siku ndugu walipofungua sanduku la bati la shangazi yangu. Zilitoka kanga kumi na moja, zimekunjwa doti kwa doti, zikinuka dawa ya nondo. Wanawake wa ukoo walizigawa kwa utulivu: hii ya binti mkubwa, hii ya wifi, hii ya mjukuu aliyemuuguza. Kanga moja yenye mji wa rangi ya kahawia ilipitishwa mbele yangu. Niliyaona maandishi yake, nikayatambua kuwa ni methali ya subira na heri, nikaiacha ipite. Sikuandika chochote. Niliona haya kutoa daftari mbele ya wafiwa; na zaidi ya hayo, nilidhani hapakuwa na jipya la kuandika.

Baada ya miezi mitatu nilirudi kuiulizia. Kanga ile ilikuwa imeshachanwa: kipande kimoja kilikuwa nepi za mtoto, kingine tambara la kupigia deki. Niliwauliza mabinti wawili wa marehemu iliandikwaje. Mkubwa alisema, ‘Subira yavuta heri.’ Mdogo akasema, ‘Subira huvuta heri.’ Kila mmoja aliapa. Mimi, mwalimu wa isimu niliyeiona kwa macho yangu, sikuweza kuamua. Nilikuwa nimeisoma methali niliyoijua tayari kichwani, sikuyasoma maandishi yaliyokuwa kwenye kitambaa.

Tofauti kati ya yavuta na huvuta si ndogo kwa msomaji wa jarida hili. Kiambishi -a- cha wakati uliopo usiodhihirika kimedumu zaidi katika methali, ushairi na lugha ya pwani kuliko katika mazungumzo ya kila siku ya bara, ambako hu- ya mazoea na -na- ndizo zilizotamalaki. Kujua ni umbo lipi lililochapishwa kungetueleza kitu kuhusu chanzo cha maneno. Kujua kwa nini dada wawili waliolelewa nyumba moja walilikumbuka kwa maumbo mawili kungetueleza kitu kuhusu usomaji wa kanga katika jamii ambayo Kiswahili kilikuja baada ya Kihehe. Ushahidi wa swali la kwanza ulikwisha kwenye ndoo ya maji ya kudekia. Makala haya yanatokana na hasara hiyo.

Tafiti kuhusu majina ya kanga zipo, na ni za thamani. Saida Yahya-Othman (1997) ameyachunguza majina ya kanga kama sauti ya wanawake katika jamii ya Waswahili. Rose Marie Beck (2001) ameichambua kanga kama mawasiliano yenye utata wa makusudi. Sharifa Zawawi (2005) ameieleza kama nguo inayozungumza. Kazi hizi zinaelekeza macho zaidi pwani. Makala haya yanahamishia swali bara, na yanauliza jambo la kiutendaji zaidi: kanga za zamani ziko wapi, na mtafiti azifikie vipi kabla hazijapotea?

2.0 Istilahi: kale, kuukuu, chakavu na mtumba

Kiswahili kina maneno kadhaa ya kusema kwamba nguo si mpya, na kila neno lina hukumu yake. Kivumishi -kuukuu husema kwamba muda umeipunguzia nguo thamani: kanga kuukuu ni ile ambayo mwenyewe haoni vibaya kuichana. Kivumishi -chakavu hutazama hali ya kitu, si umri wake. Kanga ya mwaka jana yaweza kuwa chakavu, na kanga ya miaka hamsini iliyokunjwa sandukuni ikawa nzima kabisa. Kirai cha kale, kinyume chake, huongeza hadhi: kanga ya kale ni ile ambayo muda umeipa thamani. Nomino mtumba haisemi umri wala hali, bali njia: nguo ilifika ndani ya robota, ikiwa imekwisha kuvaliwa na mtu mwingine.

Mpaka kati ya kuukuu na ya kale hauamuliwi na kitambaa, bali na anayekitazama. Kanga ya shangazi ilikuwa ya kale kwangu na kuukuu kwa aliyeichana. Wala hakukosea, kwani alifanya kile ambacho kanga imefanyiwa siku zote. Kanga huanza kama vazi la kutokea, ikawa ya kushindia nyumbani, ikawa mbeleko, nepi, na mwisho tambara. Kuharibika kwake ni sehemu ya matumizi yake. Mtafiti asiyelikubali hili atawaona watu wa nyumba ile kama waharibifu, na ataanza kazi kwa mguu mbaya.

Vitenzi navyo vinastahili kuangaliwa. Kwa nguo za marehemu nimezoea kusikia vitatu: kurithi, kuachiwa na kugawiwa. Katika kurithi, kiima ni mrithi, na tendo hutazamwa kama haki yake. Katika kuacha, kitenzi ambacho umbo lake la kutendea ni achia, kiima ni marehemu mwenyewe: ‘Mama aliniachia kanga hii’ husemwa hata pale ambapo mama hakutamka lolote kabla ya kufa. Umbo hilo linamrudishia marehemu utendaji na kumpa mpokeaji heshima ya kuchaguliwa. Katika kugawa, watendaji ni wanaukoo, na kanga ni sehemu ya kitu kizima. Kitenzi ambacho hukosekana katika mazingira haya ni kuuza. Shamba la marehemu huuzwa, ng’ombe huuzwa, hata nyumba huuzwa. Lakini kumwambia mfiwa ‘niuzie kanga ya mama yako’ ni kumtukana.

3.0 Kanga ilivyofika Nyanda za Juu Kusini

Kabla ya kanga, vitambaa vya pamba vilivyosafiri kutoka pwani kwenda bara ni pamoja na merikani na kaniki. Jina merikani linabeba asili yake: ni kitambaa cheupe kilichotoka Marekani, hasa viwanda vya Massachusetts, kilichoingia kwa wingi Zanzibar tangu miaka ya 1830. Kaniki ni kitambaa cheusi au cha nili kilichohusishwa na biashara ya India. Kanga yenyewe ilizuka pwani katika theluthi ya mwisho ya karne ya 19. Jina leso, linaloendelea kutumika Mombasa, linatokana na neno la Kireno la kitambaa cha mkononi. Jina kanga huelezwa kuwa limetokana na ndege mwenye madoadoa meupe, kwa kufanana na nakshi za mwanzo.

Sehemu za kanga ni tatu: pindo linalozunguka, mji ulio katikati, na jina, yaani maandishi yaliyo ndani ya mji karibu na pindo la chini. Vipande viwili vinavyofanana ni doti, neno lililotoka lugha za India. Maandishi ya mwanzo yalikuwa kwa hati ya Kiarabu. Baadaye hati ya Kirumi ikashika nafasi. Mfanyabiashara wa Mombasa, Kaderdina Hajee Essak, aliyejulikana kwa jina la Abdulla, aliweka alama ya Mali ya Abdulla, ambayo hadi leo ni miongoni mwa alama zinazotambulika zaidi. Kwa muda mrefu kanga zilichapishwa nje, zikiwamo za India, Japani, Uholanzi na Uingereza, hadi viwanda vya Afrika Mashariki vilipoanza. Kwa Tanzania, kiwanda cha Urafiki cha Dar es Salaam, kilichojengwa kwa msaada wa China na kuanza mwaka 1968, ndicho kinachokumbukwa zaidi.

Katika Nyanda za Juu Kusini, kanga iliwakuta watu wenye mavazi na lugha zao. Wanaume wa Kihehe walijulikana kwa mgolole, shuka kubwa lililofungwa begani. Mji wa sasa wa Iringa uliasisiwa na Wajerumani katika miaka ya 1890, na Mbeya ulianza mwaka 1927, wakati dhahabu ya Lupa ilipovuta watu wa kila namna. Maduka ya wafanyabiashara wenye asili ya India, ambao kumbukumbu yao imebaki katika jina la mtaa wa Uhindini, Mbeya, yaliuza vitambaa. Reli ya TAZARA, iliyojengwa kati ya mwaka 1970 na 1975, ilirahisisha safari ya bidhaa kutoka Dar es Salaam. Na mpaka wa Tunduma umeufanya mkoa wa Mbeya na majirani zake kuwa njia ya vitenge kutoka Zambia na Kongo. Kitenge hakina jina, na tofauti hiyo ni ya msingi: katika sanduku lenye vyote viwili, ni kanga pekee iliyoandikwa kwa kusomwa.

Lakini ilisomwa na nani? Wanawake wengi wa kizazi cha shangazi yangu walizungumza Kihehe, Kibena, Kinyakyusa, Kisafwa au Kikinga kabla ya Kiswahili. Mwaka 1970 ulitangazwa kuwa mwaka wa elimu ya watu wazima, na kampeni za kisomo zikafuata. Inawezekana kabisa kwamba kwa baadhi ya wanawake hawa, kanga ilikuwa maandishi ya kwanza ya Kiswahili waliyoyamiliki wenyewe, na yaliyokaa mwilini mwao kila siku. Kama ni hivyo, sanduku la marehemu si mkusanyo wa nguo tu. Ni maktaba ndogo ya msomaji mpya.

4.0 Sanduku linapofunguliwa

Mirathi huendeshwa katika ngazi mbili. Ngazi ya kwanza ni ya maandishi. Baada ya mazishi, kikao cha ukoo humpendekeza msimamizi wa mirathi, muhtasari hupelekwa Mahakama ya Mwanzo, na msimamizi akishateuliwa hujaza orodha ya mali katika fomu namba 5 iliyowekwa na kanuni za mwaka 1971. Humo huandikwa shamba, nyumba, mifugo, fedha zilizo benki. Nguo za mama kwa kawaida hazimo.

Ngazi ya pili ni ya mdomo, na mara nyingi ni ya wanawake. Hufanyika matanga yanapoisha, au siku ya arobaini kwa familia zinazoiadhimisha. Sanduku huletwa katikati, shangazi au dada wa marehemu hutangulia kulifungua, na ugawaji huenda kwa ukaribu wa damu, utumishi wa wakati wa ugonjwa na umri. Familia za Kiislamu hufuata mirathi ya dini yao kwa mali iliyobaki, lakini hata humo nimeona nguo za kuvaa zikigawanywa kwa maelewano ya wanawake.

Uhusiano kati ya ngazi hizi mbili haupaswi kupuuzwa. Sheria ya kimila iliyoandikwa, katika Tangazo la Serikali Namba 436 la mwaka 1963, imewaweka mabinti katika daraja la 3 la warithi, nyuma ya watoto wa kiume. Katika familia inayoufuata utaratibu huo, sanduku la nguo laweza kuwa sehemu pekee ya mali ambayo binti huipokea bila kushindanishwa na kaka zake. Kanga inayoonekana haina thamani kwa mwandishi wa orodha ndiyo iliyobeba ukoo wa kike. Kwa hiyo mtafiti anayefika na fedha mkononi haombi kitambaa tu. Anaomba kile kidogo ambacho utaratibu rasmi ulisahau kukichukua.

Ni vyema pia kutambua kwamba utamaduni wa kuuza vyombo na nguo za marehemu nyumbani kwake, mlango ukiwa wazi kwa wageni, si wa mahali pote. Katika Marekani na sehemu za Ulaya ni jambo la kawaida: wauzaji huweka bei juu ya kila kitu, na wapenzi wa vitu vya kale hupanga foleni alfajiri. Kwetu, mauzo ya hadhara ya mali ya mtu hutukumbusha mambo mengine. Neno mnada, lenye mzizi mmoja na kitenzi nadi, hutumika kwa gulio la mifugo na bidhaa, lakini pia kwa dalali wa mahakama anayeuza mali ya aliyeshindwa kulipa deni. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, mashamba ya walowezi wa Kijerumani katika nyanda hizi yaliuzwa na Waingereza kama mali ya adui. Kunadi vitu vya nyumba ya mtu, kwa hiyo, kumebeba maana ya kushindwa. Haishangazi kwamba kanga za marehemu hazinadiwi.

5.0 Kuisoma kanga na kuikadiria umri

Kanga ikishapatikana mbele ya macho, kazi ya kwanza ni kuisoma kama ilivyo. Hapa chini ni vigezo sita, kuanzia kilicho wazi zaidi.

Kigezo cha kwanza ni hati. Jina lililoandikwa kwa hati ya Kiarabu ni dalili ya ukongwe, ingawa si uthibitisho, kwa kuwa nakshi za zamani huweza kurudiwa.

Cha pili ni tukio linalotajwa. Kanga ya uhuru haiwezi kubuniwa kabla ya harakati zilizofikia tarehe 9 Desemba 1961. Yenye nembo ya CCM haiwezi kutangulia Februari 1977. Ya kumwomboleza Mwalimu Nyerere haiwezi kutangulia Oktoba 1999. Kanuni ni kwamba tukio huweka mpaka wa chini tu: kanga haiwezi kuwa kongwe kuliko tukio, lakini yaweza kuwa changa kuliko linavyodhaniwa.

Cha tatu ni alama ya mchapaji au mfanyabiashara. Jina la Urafiki huiweka kanga baada ya mwaka 1968. Alama ya mfanyabiashara aliyedumu kwa vizazi kadhaa, kama ile ya Mali ya Abdulla, husaidia kujua njia ya bidhaa zaidi kuliko mwaka wake.

Cha nne ni tahajia. Kiunguja kilichaguliwa kuwa msingi wa lugha sanifu mwaka 1928, na Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki ikaanza kazi mwaka 1930. Umbo kama khabari badala ya habari, au viambishi vilivyotenganishwa na mzizi wa kitenzi, huweza kuashiria uandishi usiofuata usanifishaji. Hata hivyo kigezo hiki kinahitaji tahadhari. Wachongaji wa vibao vya kuchapia katika viwanda vya nje hawakulazimika kujua Kiswahili. Neno lililokatwa pasipostahili laweza kuwa kosa la mkono usioijua lugha, si mabaki ya tahajia ya kale.

Cha tano ni lahaja. Jina lenye ndia badala ya njia, au mato badala ya macho, linaelekeza Mombasa na jirani zake. Lakini linaelekeza mahali maneno yalikotungwa, si mahali kitambaa kilikochapishwa wala kilikonunuliwa. Kanga moja yaweza kuwa na maneno ya Mombasa, uchapaji wa Japani, duka la Uhindini na sanduku la Tukuyu. Isitoshe, maumbo ya Kimvita yamekuwa sehemu ya lugha ya ushairi, hivyo mtunzi wa mahali pengine angeweza kuyateua kwa ajili ya ladha.

Cha sita, na ambacho hakipatikani popote ila nyumbani, ni ushuhuda wa kumbukumbu. Wazee wetu hawataji mwaka, hutaja jambo. ‘Alinunuliwa reli ilipokuwa ikijengwa’ hutupa miaka ya 1970 hadi 1975. ‘Wakati wa vita vya Amini’ hutupa mwaka 1978 na 1979. ‘Enzi za foleni’ hutupeleka mwanzoni mwa miaka ya 1980, bidhaa zilipoadimika na kanga ikawa ya kupangiwa zamu. Kumbukumbu hizi zikilinganishwa na vigezo vitano vilivyotangulia, mara nyingi umri hukadirika kwa usalama wa miaka mitano au kumi.

Jina peke yake si kigezo cha umri. Majina kama ‘Sisi sote abiria dereva ni Mungu’ au ‘Hasidi hana sababu’ yamechapishwa tena na tena kwa nakshi tofauti. Thamani ya jina kwa mwanaisimu iko katika umbo lake siku ile lilipochapwa: kiambishi kilichotumika, herufi iliyodondoshwa, nafasi iliyoachwa. Ndiyo maana methali tunayoijua ni hatari kuliko ile tusiyoijua. Jicho huikamilisha kabla halijaisoma.

6.0 Sokoni: maneno bila mwenyewe

Anayetafuta nguo za kale Mbeya ataelekezwa Mwanjelwa au Sido. Iringa ataelekezwa Mlandege au Soko Kuu. Atapata mengi, lakini si kile anachokitafuta. Nguo za mitumba zilijaa katika masoko haya baada ya masharti ya biashara kulegezwa katikati ya miaka ya 1980. Jina la zamani la nguo hizo lilikuwa kafa Ulaya. Muundo wake ni sentensi kamili iliyogeuzwa kuwa nomino: ka- ya mazungumzo badala ya ame-, kitenzi -fa, na mahali. Aliyelibuni alidhani kwamba nguo nzima nzima haiwezi kuachwa ila mwenyewe awe amekufa. Ng’ambo ya mpaka, Wazambia waliita salaula, neno la Kibemba linalohusu kuchambua rundo. Upande mmoja uliitazama asili ya nguo, upande mwingine ukaitazama namna ya kuipata.

Kuna kinaya hapa. Miongoni mwa marobota hayo hutokea vitambaa vya mezani vilivyodariziwa kwa mkono, foronya zenye herufi za mwanzo za jina la mtu, mablanketi ya sufi: dalili kwamba nyumba fulani ya mbali ilivunjwa na vitu vyake vikatawanywa. Mama wa Mbeya anayenunua kitambaa hicho ananunua mirathi ya mtu asiyemjua, bila haya yoyote, kwa kuwa hakuna wa kumuonea haya. Lakini kanga ya jirani yake aliyefariki haitaiona meza ya soko. Umbali ndio unaogeuza urithi kuwa bidhaa.

Mara chache kanga ya zamani hupatikana kwa muuzaji wa vitu vya mkono. Inafaa kuinunua na kuiandika, lakini tujue imepoteza nini. Methali husema kizuri chajiuza. Kanga iliyojiuza imefika bila mwenyewe. Hatutajua kama ‘Japo sipati tamaa sikati’ ilikuwa zawadi ya mchumba, kijembe kwa jirani au doti pekee iliyobaki dukani siku ya mshahara. Kwa pragmatiki ya majina ya kanga, hiyo ni sawa na kupata jibu bila swali lake.

7.0 Utaratibu wa kuweka kumbukumbu

Kutokana na hayo, makala haya yanapendekeza mtafiti aweke kumbukumbu badala ya kukusanya. Asiende na daftari siku ya msiba. Aende kwanza kuhani kama mtu mwingine yeyote, akaketi, akachangia. Kisha, kupitia mwanamke wa ukoo anayeaminika, aombe kuwapo siku ya ugawaji, au aombe kila mpokeaji amwonyeshe kanga yake baadaye. Kukataliwa kukubaliwe bila kusihi.

Kwa kila kanga iandikwe: (i) jina herufi kwa herufi, pamoja na makosa, nafasi na alama zake, kabla ya kulitamka, (ii) hati na ukubwa wa herufi, (iii) alama ya mchapaji, ikiwapo, (iv) vipimo, rangi, nakshi ya mji na ya pindo, (v) ni doti kamili au upande mmoja, na mwingine uko wapi, (vi) ilipatikana vipi na lini, kwa maneno ya msimulizi mwenyewe, (vii) msimulizi anavyolitamka na kulifasiri jina bila kulitazama, na kama analieleza kwa lugha yake ya kwanza, ayaeleze kwa lugha hiyo, (viii) nani kagawiwa, na kwa sababu gani. Kipengele cha saba ndicho kitakachotuonyesha tofauti kati ya jina lililochapwa na jina linaloishi kichwani. Picha mbili zinatosha: moja ya kanga nzima, moja ya jina. Nakala irudishwe kwa familia, imechapwa, kwa kuwa picha ya simu hupotea pamoja na simu.

Familia ikitaka kuhifadhi kanga yenyewe, ushauri ni mwepesi: ifuliwe kwa maji baridi bila kuchemshwa, ikaushwe kivulini, ikunjwe pamoja na kitambaa cheupe cha pamba na si mfuko wa plastiki, na mikunjo ibadilishwe kila baada ya miezi michache. Katika Rungwe, ambako mvua ni nyingi, unyevu ni adui mkubwa kuliko nondo. Ikitaka kuikabidhi, Makumbusho ya Boma la Iringa, yaliyofunguliwa mwaka 2016, ni mahali pa karibu pa kuanzia mazungumzo. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inautumia mwaka 1863 kama mpaka wa masalia ya kale, na kanga kwa jumla ni changa kuliko mpaka huo. Mlinzi wake wa kwanza, kwa hiyo, ni mwenye sanduku.

8.0 Hitimisho

Makala haya yameonyesha kwamba kanga za kale za Mbeya na Iringa hazipatikani kwa urahisi sokoni kwa sababu lugha na desturi zimeziweka nje ya tendo la kuuza; kwamba zinapatikana kwa siku chache katika ugawaji unaoendeshwa na wanawake nje ya orodha rasmi ya mirathi; na kwamba umri wake hukadirika kwa kulinganisha maandishi, alama na kumbukumbu. Yameonyesha pia kwamba kinachopotea kwa haraka zaidi si kitambaa, bali uhusiano kati ya umbo la maneno na aliyeyavaa. Kazi inayofuata ni kulinganisha masanduku ya nyanda hizi na ya pwani, ili tujue kama wasomaji wa Kiswahili kama lugha ya pili waliyachagua majina kwa vigezo vilevile.

Katika daftari langu, kanga ya shangazi imeandikwa hivi: Subira (ya/hu)vuta heri, na alama ya kuuliza. Mabano hayo hayawezi tena kuondolewa. Binti mdogo aliniambia kwamba mama yake aliinunua mwenyewe kwa fedha za pareto. Mkubwa anasema aliletewa na baba. Juu ya hilo pia, kitambaa kingeweza kuwa na la kusema.